Mwaka Nilipokuwa Kesi ya Madam Eseza

Mwezi uliopita tulimuaga Madam Eseza katika ukumbi wa hoteli moja pale Nakasero. Mimi nilikaa meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu huziona sahani kabla hazijafika kwa wakubwa. Wasemaji walikuwa wengi, na kila mmoja alipanda jukwaani na kitambaa cha kufutia machozi, kisha akashuka nacho kikavu vilevile. Binti mmoja mwenye digrii mbili na sauti ya redioni alisema kwamba marehemu ndiye mwanamke wa kwanza katika mji huu kuilazimisha shule ya mchanganyiko imhukumu mvulana na msichana kwa sheria moja. "Yote yalianza na msichana mmoja," akasema, "mjamzito, amefukuzwa, hana pa kwenda." Watu wakapiga makofi. Mama aliyeketi kando yangu, ambaye hatukuwa tumejuana, alinigusa kiwiko. "Banange, jamani, yule msichana sijui aliishia wapi," akasema. Nikamwambia pengine alishakufa. Alisikitika kidogo, kisha akaniomba nimsogezee chumvi.

Sikumwambia kuwa msichana mwenyewe ni mimi. Si kwa haya. Haya zilinitoka zamani, nilipokuwa nikisimulia habari za tumbo langu mbele ya watu wanaokula keki. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na njaa, na hadithi ile nikiianza chakula hupoa. Lakini nilipofika nyumbani kwangu Nakawa nilishindwa kulala vizuri, na tangu siku ile nimekuwa na hasira ambayo nilidhani nimeizika mapema kuliko marehemu. Basi sura hii ni ya mwaka ule peke yake. Ya ukoo wangu nayaacha. Itoshe mjue kwamba nililelewa katika nyumba za maaskari wa gereza kule Luzira, ambako Kiswahili ndicho kilichotutuma dukani na ndicho kilichotuchapa, na kwamba vita vilinichelewesha shule, hivyo nilipoingia Senior Four, yaani kidato cha nne, nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilitaka kitu kimoja duniani: kufanya mtihani wa mwisho wa mwaka na kuendelea na fizikia. Nilikuwa wa kwanza darasani katika somo hilo, wavulana wakiwemo, na kwa umri nilionao sasa sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu.

Shuleni kwetu kila muhula ulipofunguliwa, wasichana tulipangwa foleni nyuma ya zahanati ya shule tukaguliwe. Wavulana wakati huo walikuwa uwanjani wakicheza mpira, na kelele zao za goli tulizisikia vizuri tukiwa tumepandisha blauzi hadi kifuani. Muuguzi wa shule tulimwita Sista ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa na vidole baridi na mazoea ya kuongea na mwenzake habari za sokoni huku akikubonyeza chini ya kitovu. "Vuta pumzi. Toa. Ati nyanya zimepanda tena? Vuta." Aliponifikia aliacha kuongea habari za nyanya. Akabonyeza mara ya pili, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niijue shule ile, akasema, "Wewe simama pale." Wasichana waliokuwa nyuma yangu waliacha kucheka. Nilisimama pale, ukutani, mpaka foleni ikaisha, ili wote wapite mbele yangu waone mfano. Nilikuwa nikijua tayari. Mtu hujua. Nilichokuwa nimejidanganya nacho ni kwamba tumbo lingenihurumia mpaka mtihani upite.

Hedimasta alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliouma. Alinikaribisha kiti, akafungua dirisha kwa kuwa kulikuwa na joto, akaniuliza ni nani. Nikamtajia Justus, wa Senior Six, kiongozi wa klabu ya sayansi, kijana ambaye tulianza kwa kugombania betri ya maabara na tukaishia tulikoishia. Hakushangaa. Aliandika kitu, akafunga kalamu. Nikamuuliza Justus atafanywaje. "Mvulana hana tumbo la kukaguliwa," akasema. "Nikimfukuza kwa maneno yako, kesho msichana mwingine atamtaja mwanangu." Kisha akaniambia, kwa sauti ileile ya upole, kwamba shule ni ya wanafunzi, na mimi sasa ni mama wa mtu. Nilibeba godoro langu kichwani kupita kando ya madarasa. Justus alikuwa ubaoni akichora mzunguko wa umeme. Aliniona, chaki ikasimama, akamwangalia mwalimu, halafu akaendelea kuchora. Alikuwa na miaka kumi na tisa na aliogopa. Leo naweza kusema hivyo. Mwaka ule nilimtakia apasuke.

Baba alinifungia mlango, na kuhusu hilo sitasema zaidi. Nilikwenda soko la Nakawa kwa mama yake Justus, Mkenya wa Busia aliyeuza samaki wakavu, mwanamke mnene mwenye ulimi uliozoea kukemea paka na wateja. Nilitegemea matusi. Alinitazama tumbo, akapangusa mikono kwenye leso. "Hiyo ni damu yetu, siwezi kukana," akasema. "Lakini nyumba yangu ni chumba kimoja na watoto wanalala kama mihogo kwenye gunia. Keti hapo ule kwanza." Nililala kwake siku chache, miguu ya watoto ikinipiga mbavuni. Hapo ndipo Madam Eseza aliponikuta. Mke wa mmoja wa walimu alikuwa amempasha habari, naye alikuja mwenyewe hadi kwenye kibanda cha samaki, amevaa gomesi ya kijani, mwanamke mrefu ambaye soko lilimpisha bila kuombwa. Aliniuliza kwa Kiingereza alama zangu za fizikia. Nikamwambia. Akageuka kwa mama yake Justus na kusema kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Huyu mimi nachukua. Huyu tarudi shule." Nililia palepale, katikati ya samaki. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama akaona darasa.

Ili mumwelewe Madam inabidi muione nyumba yake. Ilikuwa Nakasero, kwenye mteremko wenye miti, mbali na kelele za sokoni, na ndani kulikuwa na vitabu mpaka chooni. Sebuleni makochi yalivikwa vitambaa vilivyofumwa na mama yake mzazi, ambaye hakujua kusoma, na Madam alipenda kuwaeleza wageni hilo. Baganda wa rika lake walilelewa kwamba mwanamke hali kuku wala yai, na kwamba msichana humsalimu mkubwa akiwa amepiga magoti. Katika nyumba ile kila mwanamke, hata mpishi, alianza asubuhi kwa yai la kuchemsha. Na magoti yalikuwa marufuku. Siku ya kwanza nilipiga magoti kumsalimu, maana hata sisi wa Luzira tulikwisha kuiga, akanishika kwapa akaniinua kwa nguvu hadi bega likaniuma. "Katika nyumba hii hakuna anayepiga magoti," akasema. "Ukizoesha magoti, na akili nayo hupiga." Nilimpenda kwa neno lile. Nampenda hata sasa, na bado sijamsamehe, na anayedhani mambo hayo mawili hayakai chumba kimoja hajawahi kulelewa na mtu mkubwa.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya stoo, na ukuta wake ulikuwa mwembamba. Kupitia ukuta ule nilipata elimu ambayo haikuwa kwenye silabasi. Madam na wenzake wa chama chao cha kutetea haki za wanawake walikuwa wakikutana Jumamosi, wanawake wasomi, wajasiri, waliokuwa wamepitia vita na wajane wawili wakiwa miongoni mwao, na walizungumza juu yangu kama watu wanaochagua kitambaa. Mmoja alisema nimenenepa, na watu hawamhurumii msichana mnene, kwa hiyo nipunguziwe maziwa kabla ya mikutano. Mwingine akasema najieleza vizuri mno. "Kiingereza chake kimenyooka. Akisimama pale akaongea kama mwanasheria, watauliza mbona mtu mwenye akili hivi alipata mimba." Kisha sauti ya Madam: "Basi ataongea Kiswahili. Nitamtafsiria." Wakakubaliana. Nikalala nikitazama dari, nikijaribu kuelewa ilikuwaje nikafukuzwa shule kwa tumbo, na sasa ninafichwa Kiingereza kwa kuwa nilikijua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miezi. Nilipelekwa kwenye sebule za Kololo na za Nakasero, kwenye kumbi za makanisa, siku moja hata kwa mabalozi. Nilivaa sare ya shule iliyokuwa imeachiwa mshono ubavuni, kwa sababu Madam alisema gauni la uzazi halina hoja. Nilisimama katikati ya zulia na kusema kwa Kiswahili cha Luzira jinsi Sista alivyonibonyeza, na Madam akatafsiri kwa Kiingereza kizuri ambacho kilikuwa na huzuni nyingi kuliko changu. Nikisema "nilisimama ukutani," yeye alisema nilisimamishwa ukutani kama mhalifu nikitetemeka. Sikutetemeka. Nilikuwa nimekasirika, lakini hasira haikutafsiriwa. Wanawake walilia. Baadhi waliniita niwakaribie wanishike tumbo, na vidole vyao vilikuwa vya joto kuliko vya Sista, hilo siwezi kukataa. Baada ya hapo chai ililetwa, na mimi, mgeni rasmi, nilisaidia kugawa vikombe. Jioni tukirudi Madam aliniambia, "Unaona? Kila mlango unaofunguka leo ni wa kwako." Nilirudi chumbani nikafungua kitabu cha fizikia na kusoma mpaka macho yakauma, maana nilikuwa na mtihani.

Nilijifungua mtoto wa kike kipindi cha mvua kilipokuwa kimekwisha. Madam alikuwa nami hospitalini muda wote. Nilimng'ata mkono na hakuuondoa. Muuguzi mmoja aliponikemea kwamba nilipokuwa nikifanya mambo yangu sikupiga kelele hivi, Madam alimgeukia akamwambia maneno ambayo sikujua anayajua. Siwezi kuwanyima habari hiyo kwa kuwa tu nimekasirika. Aliyemwosha mwanangu maji ya kwanza ni yeye, na aliyenunua nepi ni yeye, na aliyesimama nje ya mlango kuhakikisha hakuna mtu wa kunicheka ni yeye.

Mama yake Justus alikuja kutuona na unga wa uji na mfuko wa dagaa, akiwa amevaa viatu vya kanisani. Aliketi jikoni, hakutaka sebuleni. Akaniambia kuwa ndugu yake alikuwa anafundisha katika kituo cha masomo ya jioni palepale Nakawa, ambacho kilikuwa kinaandikisha watu wa nje wafanye mtihani wa Senior Four mwaka uleule: watu wazima, maaskari, mama wenye watoto, hawaulizi tumbo wala pete. "Mtoto utaniletea sokoni, nitakaa naye. Wewe nenda ukaandike huo mtihani wako uishe," akasema. "Lakini ni sasa. Wanafunga kuandikisha hivi karibuni." Nilimkimbilia Madam ofisini kwake mtoto akiwa begani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Ukienda kufanya mtihani wa nje," akasema, "utakuwa umewaambia kwamba walikuwa na haki ya kukutoa ndani. Kesi yetu inakufa hapo. Hutaki kurudi kwenye dawati lako mwenyewe?" Nilitaka. Nani asingetaka? "Basi vumilia. Bodi ya shule imekubali kutusikiliza. Utaingia kwa lango kuu." Nilirudi jikoni kumwambia mama yake Justus. Alinitazama sana. "Huyo mama ana moyo mkubwa," akasema, "lakini kwenye moyo mkubwa mtu hupotea." Akaacha dagaa mezani na kwenda zake. Siku hizi nasikia msichana akijifungua anaweza kurudi darasani, na mjukuu wangu anacheka nikimweleza habari za foleni ya nyuma ya zahanati, anadhani natia chumvi. Namwacha acheke. Lakini nimekuwa nikiendesha mkahawa Nakawa miaka mingi, na kila siku natembea kupita jengo lilipokuwa kituo kile, na hadi leo mguu hunivuta kuingia.

Bodi ilikutana katika maktaba ya shule, mwanzoni mwa muhula wa tatu. Ndani ya gari Madam alikuwa anarudiarudia hoja zake kwa midomo. Tulipoingia langoni akaniambia bila kunitazama, kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa kawaida aliiachia walinzi na madereva, "Leo wewe tapiga magoti." Nikadhani nimemsikia vibaya. Nikamkumbusha alichosema siku ile. "Ile ni nyumba yangu," akasema. "Hapa si kwangu. Wale wazee wakiona msichana amesimama, hawasikii kitu tena." Nilikuwa na mtoto mgongoni. Nikapiga magoti juu ya saruji mbele ya wanaume saba na hedimasta wao, na mwenyekiti, mzee wa kanisa mwenye saa ya dhahabu, akanijibu salamu kwa raha kubwa, ndefu, ile ya Kiganda ya kuulizana habari za nyumbani mpaka magoti yafe ganzi. Hakuniambia niinuke. Nilibaki pale chini kikao kizima, nikitazama viatu vyao.

Na Madam akasema. Nimesikia watu wengi wakisema tangu siku ile, wabunge na maaskofu, wala sijamsikia aliyemfikia. Hakuomba. Alisema hakuja kutafuta huruma ya mtu. Alisema mimba haiingii kwa upepo, na kwamba shule inayomtoa mmoja na kumwacha mwenziwe ubaoni haifundishi maadili, inafundisha wavulana kujificha. "Sitaki upendeleo kwa msichana," akasema. "Nataka sheria moja. Kosa likiwa la wawili, adhabu haiwezi kuwa ya mmoja. Watendeeni sawa." Mwenyekiti alikuwa akichezea mkanda wa saa yake. Aliuliza, taratibu, kama mtu anayetaka kuwa na hakika na bei kabla ya kufungua mkoba, "Kwa hiyo, nyabo, unachoomba mbele ya bodi hii ni kwamba watendewe sawa?" "Sawa kabisa," akasema Madam. "Na utaridhika?" "Nitaridhika." Kutoka pale chini niliona viatu vya hedimasta vikiacha kutikisika. Nadhani yeye ndiye aliyeelewa kwanza.

Tulitolewa nje kidogo. Tukasikia wakicheka, kisha kijiko kikigonga kikombe, kisha tukaitwa. Mwenyekiti alisema bodi imeguswa. Alisema mama huyu msomi amewafungua macho, na kwamba tangu siku ile shule yao itakuwa ya kwanza kuondoa ubaguzi: mvulana atakayemtia msichana mimba atafukuzwa vilevile kama msichana. Ili kuonyesha kwamba hawatanii, wataanza na huyu Justus, leo. Mtu akatumwa darasani. Justus akaja na chaki kwenye kidole, akasimama mlangoni, akaniona nimepiga magoti na mtoto mgongoni, akaanza kutabasamu. Nadhani alifikiri nimekuja kurudishwa. Wakamsomea. Ilikuwa imebaki miezi michache afanye mtihani wa Senior Six, na walimu wote walikuwa wameshamhesabu chuo kikuu. Alisema neno moja tu, "Mimi?" Halafu akamtazama hedimasta, naye hedimasta akafungua mikono kumwonyesha Madam, kama mwuza duka anayekuelekeza kwa bosi. Nilimwangalia Madam. Niliona uso wake ukinywea. Kwa muda wa pumzi moja alikuwa mwanamke mzee aliyekosea njia. Angeweza kusema. Angeweza kusema sivyo nilivyomaanisha, nilitaka wote wawili wabaki. Nilimngojea. Kisha akaunyoosha mgongo, akampa mwenyekiti mkono, na kumshukuru.

Kwenye gari nilimuuliza nitarudi lini darasani. Aliangalia soko la Nakawa likipita dirishani. "Tumeshinda kanuni," akasema. "Kanuni huja kwanza, watu hufuata." Nikamuuliza tena, nikadhani hajasikia. "Hukumu ni moja kwa wote wawili," akasema. "Sasa nikirudi kuomba upendeleo kwako peke yako, nitakuwa nimevunja nilichokijenga." Nikamuuliza habari za kile kituo cha jioni. Akasema kimeshafunga kuandikisha, alikwisha kuuliza. Alisema hivyo kwa upole, upole uleule wa hedimasta, na nikajua kwamba alikuwa ameuliza kabla hatujaenda kwenye bodi.

Jumamosi iliyofuata wenzake wa chama walikuja kula chakula cha ushindi. Kulikuwa na matoke, mchuzi wa karanga na kuku wawili. Kwa Baganda firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, mwanamume, na mke anayeila amemtukana mumewe, basi wanawake wale walikuwa na mchezo wao wa kuipa kila mara mmoja wao aliyefanya jambo kubwa. Siku ile Madam alisimama, akaiweka kwenye sahani yangu, wakashangilia. Yule aliyesema nipunguziwe maziwa aliniambia nile, nimestahili. Mwingine alisema ataniandikia barua chuo cha ushonaji, kwa kuwa wasichana wa aina yangu wanahitaji kazi ya mikono. Wasichana wa aina yangu. Niliitafuna firigisi ile. Ni nyama ngumu, haina ladha ya kusifiwa, na niliimeza yote kwa kuwa walikuwa wakinitazama.

Ndipo mlinzi akaja kusema kuna mama langoni na haondoki. Tulipotoka barazani mama yake Justus alikuwa ameshaingia hadi kwenye maua. Justus alikuwa nyuma yake na sanduku lake la bati la shuleni. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Sikuja kugombana, Madam," akasema. "Ulichukua binti akiwa na tumbo, ukasema atarudi shule. Nikasema Mungu akubariki. Leo nimekuletea na huyu. Baba yake amekataa kumwona, na mimi nina chumba kimoja. Umesema wawe sawa. Mweke basi naye."

Madam alishuka ngazi moja. Nyuma yake wenzake walikuwa wameshika leso zao za mezani. "Mama, mimi pole sana," akasema kwa Kiswahili chake. "Lakini nyumba hii ni ya wasichana. Mwanaume hapana lala hapa."

"Kumbe si sawa," akasema mama yake Justus.

Alisema hivyo taratibu, wala hakungoja jibu. Aligeuka akateremka kuelekea barabarani, akamwacha mwanawe hapohapo kwenye maua, maana alikuwa ameshasema kwamba hana pa kumweka na hakuwa mtu wa kurudia maneno. Madam alimwambia mlinzi ampe kijana maji, kisha awatoe watu langoni. Wanawake wakarudi ndani chakula kisipoe. Mimi nilibaki barazani. Mtoto alikuwa ameamka, nikamtoa mgongoni. Justus alikuwa hajawahi kumwona kwa karibu. Aliweka sanduku chini, akajipangusa mikono kwenye suruali ya shule mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akanyoosha mikono. Nikampa. Alimshika vibaya, kichwa kikiwa nje ya kiwiko, nikamrekebisha. Alimwangalia pua, akamwangalia vidole kimoja kimoja. Kwa ndani tulimsikia Madam akisema jambo na wenzake wakicheka, kicheko cha watu walioshiba. Nilitaka kumwambia Justus kwamba sikujua. Nilitaka kumwambia kwamba niliomba kurudi mimi, sikuomba atoke yeye. Alikuwa ameanza kutabasamu kwa mtoto, nami nikaona kwamba labda kitu kimoja katika mwaka ule kingeweza kubaki.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Madam ndiye aliyekuwa ameombwa achague, hospitalini, kwa heshima ya yote aliyonifanyia, naye alikuwa amefurahi mpaka machozi yakamtoka na kumpa mtoto jina la kwake mwenyewe.

"Eseza," nikasema.

Justus akanirudishia mtoto.